Shotgani ya semi kwa kanga na visahani: nichukue ya gesi au hii ya Kituruki?

KangaWaNyabushozi

Wakubwa salamu. Niko huku Kiruhura, nafanya kazi kwenye ranchi inayopakana na Lake Mburo, na kabla mtu hajaanza kuniita jangili niseme mapema uwindaji wetu ni wa karatasi, mwenye ranchi yuko kwenye mpango wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, na mimi napiga kanga na kwale wale tulioandikiwa basi. Jumapili tunarusha visahani vya udongo na jamaa wawili watatu nyuma ya josho, mashine ya kurushia ni ile ya springi unavuta kwa mkono, hakuna uwanja wa maana.

Saa hii natumia dabo ya marehemu baba, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, lakini wa kushoto umeliwa na kutu ndani hadi ukiuelekeza kwenye mwanga unaona vishimo, na fundi ameniambia huo niache kuupiga kabisa. Kwa hiyo nataka kuingia kwenye semi, ile inayojipakia yenyewe kila ukipiga, geji 12. LC1, mwenyekiti wa kijiji, ameshaandika barua, polisi wameshanihoji, kilichobaki ni kujua bunduki gani niijaze kwenye fomu.

Nina njia tatu mezani. Kuna Beretta A300 Ultima mpya, ya gesi, ya kuagiza, bei inauma. Kuna Stoeger M3000, ya Kituruki, haina gesi, bei yake unaweza kupumua. Halafu kuna Remington 1100 ya mzee mmoja mstaafu Kampala, macho yamechoka hapigi tena, anataka kuiuza kihalali, mbao yake inang'aa utadhani meza ya askofu.

Kinachonisumbua ni katriji jamani. Mwezi huu muuzaji ana za gramu 28 (uzito wa marisau) za visahani, mwezi ujao hakuna, ziko za 36 peke yake, na siku nyingine anakutolea zile ndefu za magnamu anakuambia chukua tu ssebo zote ni geji 12. Sasa ipi kati ya hizi haitanigomea? Na teke pia, bega langu la kulia lilishavunjika zamani kwa ng'ombe, sitaki bunduki ya kunikumbusha.

Armora_Mstaafu

Kijana, swali zuri ila umelianzia mkiani. Hilo la katriji uliloliweka mwisho ndilo lilitakiwa liwe la kwanza, maana ndilo linachagua bunduki. Watu wanachagua bunduki kwa jina halafu wanaanza kuitafutia chakula, na nchi yetu hii chakula cha shotgani huchagui, unakula kilicholetwa.

Semi zote zinaendeshwa na nguvu ya katriji ileile iliyorusha marisau. Dabo haijali, pampu haijali, kazi inafanywa na mkono wako. Semi inajali. Ukiipa katriji dhaifu bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, haifiki mwisho wa safari, ganda linabanwa mlangoni limesimama wima na kanga ameshavuka mto anakucheka. Ukiipa kali kuliko ilivyopangiwa, bolti inagonga nyuma kwa hasira, haitaharibika leo, itaharibika polepole mpaka kitu kipasuke.

Sasa ya gesi inafanyaje. Kwenye mtutu, chini, kuna vitundu vidogo. Risasi ikipita hapo gesi kidogo ya baruti inaingia kwenye silinda iliyofichwa ndani ya ile mbao ya mbele, inasukuma pistoni, pistoni inasukuma bolti nyuma, ganda linatoka, jingine linapanda. Beretta walipotoa 390 miaka ya 90 waliweka valvu inayotoa nje gesi iliyozidi, na tangu hapo ndugu zake, 391, A400, hata hiyo A300 unayoitaja, wanakwenda kwa mtindo huohuo. Yaani katriji ya 28 inatumia karibu gesi yote, ya 50 na kitu gesi nyingi inatupwa nje kabla haijagonga bolti. Wewe hushiki bisibisi, unapiga tu.

Hiyo Stoeger ni mambo mengine. Inatumia mtindo wa Benelli wa Urbino, Italia, na Stoeger yenyewe ni mtoto wa nyumba hiyohiyo. Hakuna pistoni, hakuna vitundu. Ndani ya bolti kuna springi fupi nene. Ukipiga, bunduki nzima inaruka nyuma kuja begani lakini bolti kwa uzito wake inataka kubaki pale ilipokuwa, springi inabanwa kati yake na kile kichwa cha bolti, halafu inafyatuka inaitupa bolti nyuma. Ni ufundi safi sana, masizi hayaingii ndani, unaweza kupiga siku nzima na ukifungua unakuta kukavu. Lakini umesikia nilivyosema, bunduki LAZIMA iruke nyuma. Ukiiegemeza kwenye mti au kwenye dirisha la gari inaweza kugoma. Ukiifunga vikorokoro vizito, tochi, mkanda wa katriji ubavuni, unaipunguzia mruko. Na katriji nyepesi za gramu 24, hasa ikiwa bado mpya springi hazijalainika, ndio inapoanza kukutia aibu mbele za watu. 32 kwenda juu haina neno kabisa, inatafuna.

Na kwa kuwa haina kitu cha kumeza nguvu, teke lake ni lake lote. Na bega lako umeshasema.

Mimi kwa hiyo hali yako ya kupokea chochote kilichopo dukani, ningechukua ya gesi yenye valvu.

PampuHainaKero

Mkishamaliza kubishana gesi na springi mje tununue pampu. Inakula 24, inakula 56, inakula hata iliyolowana jana ikakaushwa juani. Askari wote wa Kampala wamekaa nazo getini mvua na jua, umeshasikia hata mmoja analalamika valvu?

VisahaniKla

@PampuHainaKero askari wa getini hapigi visahani viwili vinavyopishana hewani kaka 😂 na wengi wao Mungu awasaidie hawajawahi kuipiga hata mara moja tangu wakabidhiwe. Lakini kweli pampu inakula kila kitu, hilo silikatai. Shida ni kwamba ukivuta ile mbao kwa haraka bunduki inacheza, macho yanatoka kwenye kisahani cha pili. Wako watu wana mkono mwepesi hawaoni tofauti, mimi sio mmoja wao.

Ndugu Kanga, mimi napiga visahani zaidi kuliko ndege kwa hiyo pokea maneno yangu hivyo. Kwa bega bovu usifikirie mara mbili, gesi. Lile teke la katriji halipungui kwa uchawi ila gesi inalitandaza, badala ya ngumi moja unapata msukumo, na tofauti huioni kwenye katriji ya kwanza, unaiona boksi la 25 likiisha na la pili likifunguliwa. Pia uzito usiuogope. Watu dukani wanainyanyua bunduki nyepesi wanafurahi, wakati nyepesi ndiyo inayopiga teke. Kilo 3 na robo hivi mpaka 3 na nusu kwa visahani ni rafiki, ukitembea nayo asubuhi nzima porini utailaani kidogo lakini utaizoea.

Jambo ambalo hakuna atakayekuambia dukani ni kipimo cha mwili. Fanya hivi: hakikisha haina kitu ndani, angalia chemba, pale katriji inapokaa tayari kupigwa, angalia magazini, lile bomba la katriji chini ya mtutu, weka kidole uhakikishe. Halafu tazama alama fulani ukutani, funga macho, pandisha bunduki begani shavu likae kwenye mbao kama ulivyozoea, sasa fungua macho. Ukiona mgongo wa mtutu umenyooka mbele yako na kile kishanga cha mbele kimekaa katikati, hiyo ni yako. Ukiona nyuma ya risiva, ule mwili wa chuma wa bunduki, imekuziba, kitako kiko chini mno. Ukiona mgongo wote wa mtutu kama barabara inapanda mlima, kiko juu mno, utakuwa unapiga juu ya kila kitu. Nyingi za kisasa zinakuja na vipande vyembamba vya plastiki vya kuweka kati ya kitako na risiva, unapandisha au unashusha, kulia au kushoto. Hiyo 1100 ya zamani haina hivyo, ikikukataa imekukataa, labda seremala.

Na moja ya adabu: semi inatupa maganda kulia, mbali. Ukisimama mstari mmoja na wenzako anayekuwa kulia kwako atakula maganda ya moto shingoni. Simama wa mwisho kulia au mwambie avae kofia.

Ah, nimesahau, ukiona ya mtumba imetoka Uingereza angalia magazini yake, kule bila cheti cha daraja jingine inatakiwa iingie mbili tu, kwa hiyo nyingi zimebanwa kwa chuma. Kwa kanga haina shida, ila ujue unachonunua.

MitutuMiwiliTu

Mimi nitasema lisilopendwa. Kijana ana dabo yenye mtutu mmoja mbovu, anaenda kununua mashine yenye springi, valvu, pistoni na vipini ishirini ili kutatua tatizo la mtutu mmoja. Nunua dabo nyingine, mitutu juu na chini ikitaka. Ukiifungua kila mtu anaona haina kitu, hata mtoto wa ranchi anaona kutoka mita 20. Ukiwa na choki mbili tofauti, yaani ubano wa mdomo wa mtutu, mmoja wazi mmoja umebana, ndege wa karibu na wa mbali wote unao. Semi imefungwa, hujui kama ina risasi au haina mpaka uende uchungulie. Na maganda unaokota porini kama mtu anatafuta uyoga, dabo unayachomoa mkononi unatia mfukoni.

Armora_Mstaafu

@MitutuMiwiliTu mkubwa kwa usalama sikupingi. Nimelinda ghala la silaha miaka mingi, na zile zinazofunguka katikati hazijawahi kuninyima usingizi. Semi dawa yake ni moja: mnapotembea kwa kundi bolti inakaa nyuma, imefungwa nyuma, mlango wazi, mpaka mfike penye ndege. Anayekataa sheria hiyo asitembee na nyinyi. Lakini dabo nzuri mpya, ya kuaminika, bei yake si chini ya hiyo Beretta, na dabo ya bei ya chini naiogopa kuliko semi ya bei ya chini. Na teke la dabo kwa bega lililovunjika?

MitutuMiwiliTu

Teke nakubali. Mengine nabaki pale pale.

Nakiru_Moroto

Kaka Kanga na wengine habari za huko. Mimi niko Karamoja na mambo ya ndege wa kuwindwa ni sehemu ya kazi yangu, naongeza mawili matatu ambayo wanaume wa mabunduki mnayaruka.

La kwanza vumbi. Huku kwetu kiangazi na huko kwenu Nyabushozi ni walewale, vumbi jembamba linaingia hata kwenye chupa iliyofungwa. Mtu ananunua semi, anasoma kwamba inataka mafuta, anaimwagia. Mafuta yanashika vumbi, vumbi linasaga chuma, na baada ya wiki bolti inatembea kwa uvivu halafu anasema bunduki mbovu. Kiangazi futa karibu yote, acha kiasi cha kuteleza kwenye reli za bolti tu. Pistoni ya gesi iache kavu kabisa, mafuta pale yanaungua yanakuwa ukoko mgumu. Mvua zikianza ndio unabadilisha, unapaka nje kwa wingi maana sasa adui ni kutu. Na kile kitako ambacho hakuna anayekifungua, semi nyingi zina springi ya kurudisha bolti ndani ya bomba lililoko kwenye kitako. Maji yakiingia hapo yanakaa. Nimeona ya mtu mmoja, ya Kituruki jina naliacha, nje inameta, ndani springi imegandana na kutu kwa hiyo bolti ilikuwa inarudi ikipenda. Kabla ya kununua yoyote ya mtumba omba kitako kifunguliwe.

La pili ni marisau yenyewe. Msinunue kwa namba. Namba 6 ya Kiingereza sio namba 6 ya Kimarekani, ya Kimarekani ni nene zaidi. Tafuta milimita kwenye boksi. Kwa kanga mzima, ni ndege mgumu yule, manyoya yamebana, mimi nataka 2.8 mpaka 3. Kwale 2.5 inatosha. Visahani 2.3 au 2.4 zile namba 7 na nusu. Watu wanapiga kanga kwa katriji za visahani kwa sababu ndizo zilizobaki, ndege anaruka amejaa marisau ya juu juu anaenda kufia kwenye miiba, hajaliwa na mtu, hajaandikwa kwenye idadi. Hiyo sio nzuri hata kama karatasi zako ziko sawa.

La tatu, piga karatasi kabla hujapiga ndege. Karatasi kubwa ya kufungia au boksi la friji limefunguliwa, mita 35 hivi, piga moja katikati, chora duara la sentimita 76 penye marisau mengi, hesabu. Choki kamili inatakiwa kuweka kama asilimia 70 ya marisau ndani, nusu choki 60, robo 50 mpaka 55. Bunduki hazifuati kitabu, na kila aina ya katriji inabadilisha picha. Kwenye bush yenu ile ya miti ya mgunga ndege wengi mnawapiga ndani ya mita 30, robo choki au nusu inatosha, choki kamili utamkosa au utamsaga.

Na marisau madogo hayo yanafika zaidi ya mita 200 hata kama hayaui ndege huko. Nyuma ya kanga wa chini kuna ng'ombe na nyuma ya ng'ombe kuna mtoto anayechunga. Subiri aruke, anga iwe nyuma yake. Na kundi likiwa limekaa chini ukipiga katikati unamchukua mmoja unajeruhi wanne.

La sheria umeshalisema, ila kwa wanaosoma tu: ile Sheria ya Wanyamapori ya 2019 sio mchezo, kwa wanyama walio hatarini adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Uwindaji ni haki ya matumizi ya wanyamapori daraja A, inatolewa na UWA, sio na mwenye shamba akiwa amefurahi. Na kwenye mabwawa yenu huko kuna korongo taji, yule wa kwenye bendera. Asubuhi ya ukungu korongo na bata bukini wanapanda pamoja. Kama huna uhakika, bunduki ibaki chini.

KangaWaNyabushozi

Banange, asanteni, dada Nakiru hiyo ya milimita imenifungua macho, nimekwenda kuangalia boksi nililonalo kumbe ni 2.4 wakati mimi nilikuwa nasema namba 7 ni namba 7.

Mzee Armora nimekuelewa, naona Stoeger inatoka kwa sababu ya bega na kwa sababu ya katriji nyepesi za Jumapili. Sasa nimebaki na Beretta mpya au 1100 ya mzee. Bei ya 1100 ni kama theluthi ya hiyo nyingine, na mzee ni mtu wa heshima, hajaipiga sana, ilikaa kabatini. Ni ya gesi pia. Nikienda kuiangalia niangalie nini? Nikifika pale nitaona mbao tu nitachanganyikiwa.

Armora_Mstaafu

1100 ni bunduki ya heshima. Walianza kuitoa 1963, na kwa ulaini wa teke hadi leo kuna zinazotengenezwa juzi hazijaifikia. Kampuni ilifilisika 2020 ikagawanywa, lakini zilishauzwa nyingi mno Marekani hivyo vipuri haviwezi kwisha, ila ni vya kuagiza, usitegemee kuvikuta mtaani.

Ukifika, kwanza usiangalie mbao. Fungua kofia ya mbele ya magazini, chomoa mbao ya mbele, vuta mtutu utoke. Kwenye bomba la magazini utaona pistoni, na mbele yake kijioringi cheusi cha mpira, chembamba, kinakaa kwenye mfereji wake. Hicho ndicho kinaziba gesi isivuje. Kikikakamaa, kikipasuka au kikiwa hakipo, bunduki inakuwa ya risasi moja moja. Bunduki iliyokaa kabatini miaka, oringi imekauka, hilo sikwambii labda, chukulia imekauka. Kubonyeza na ukucha kidogo inatosha, kama haibonyei ujue. Isikutie hofu ni kitu cha bei ya soda, lakini bila hicho hata upige katriji gani haiendi, na watu wameuza 1100 nzuri kwa bei ya kutupa kwa sababu ya mpira huo.

Halafu tazama bomba lenyewe la magazini lisiwe na vishimo vya kutu pale pistoni inapopita. Tazama mbao ya mbele kwa ndani, huko nyuma karibu na risiva, kama ina ufa. Zungusha mtutu kwenye mwanga kama ulivyofanya wa baba yako. Angalia reli za bolti na ile kucha inayovuta ganda, ncha yake iwe kali haijamegeka.

Sasa la maana kuliko yote, na hili ndilo litakalokuamulia. Soma kwenye mtutu, ubavuni kushoto, imeandikwa nini. 1100 nyingi za kawaida ni za inchi 2 na robo tatu, yaani milimita 70. Kuna za magnamu za inchi 3, hizo zina alama yake. Wewe umesema muuzaji wako kuna siku anakupa ndefu. Katriji ya milimita 76 kwenye chemba ya 70 INAINGIA kijana. Inaingia vizuri tu, kwa sababu ile urefu ulioandikwa ni wa ganda likishafunguka, likiwa limekunjwa mdomo ni fupi. Ukifyatua mdomo unafunguka hauna pa kwenda, unaziba njia, presha inapanda. Haigomi ikakuonya. Inapiga, na unalipia wewe.

Hata dabo ya baba yako isome kwanza, za zamani kuna za milimita 65.

VisahaniKla

Naunga mkono mzee hapa. Na ukishafungua omba kuipiga, mzee wa heshima atakuruhusu kama kuna mahali halali pa kupigia na yeye mwenye leseni yuko hapo. Usipige moja moja. Weka tatu, moja chemba na mbili magazini, piga zote kwa kufuatana, rudia mpaka boksi liishe, halafu leta boksi la 36 ufanye vilevile. Semi ikiwa na ugonjwa mara nyingi unaonekana kwenye risasi ya pili, ya kwanza umeiingiza wewe kwa mkono haikuambii kitu. Angalia maganda yanaangukia wapi. Yakianguka mita moja miguuni kwako mashine haina nguvu, yakiruka mita tano sita na 36 na mita mbili tatu na 28 ni sawa.

PampuHainaKero

Swali la mjinga, zile Browning za zamani zenye mgongo wa pembe nne je? Mzee wa kwetu Arua anayo.

Armora_Mstaafu

Hiyo ni Auto-5, baba wa semi zote za shotgani, John Browning aliipatia hati 1900, FN wakaanza kuitengeneza Ubelgiji 1902 na iliendelea mpaka mwisho wa miaka ya 90. Haina gesi, mtutu mzima ndio unarudi nyuma pamoja na bolti. Ina pete ya chuma na kipande cha shaba juu ya springi chini ya ile mbao, unavipanga kutegemea katriji nzito au nyepesi. Kwa nzito pete inakaa mbele ya springi, upande wake uliochongwa ukikutana na shaba. Kwa nyepesi pete inahamia nyuma kabisa kugusa risiva. Wengi wamerithi bila kuambiwa, wanapiga 36 ikiwa imepangwa kwa nyepesi, ndio maana karibu kila Auto-5 unayoiona mbao yake ya mbele ina ufa. Mwambie mzee wako afungue aangalie leo.

Kwa Kanga siipendekezi. Unabadilisha katriji kila mwezi, utakuwa unaifungua kila mwezi.

KangaWaNyabushozi

Nimerudi. Nilikwenda Kampala, mzee alinipokea vizuri sana, chai na mihogo kwanza ndio bunduki. Tumeifungua mezani kwake. Oringi ilikatika mkononi, yaani niliigusa tu. Bomba safi, mtutu ndani kama kioo, kucha nzima, mbao haina ufa. Mtutu umeandikwa 2 na robo tatu.

Nikampigia muuzaji wa katriji pale pale nikamuuliza ana nini. Ana 76 tu, za gramu 42, mzigo mwingine hajui lini. Mzee akacheka akasema na mimi ndio nilikuwa nanunulia kwake.

Kwa hiyo nimeegemea Beretta, chemba yake ni 76 inameza zote mbili, ingawa roho imebaki kwa ile mbao. Naomba mnithibitishie: nikiwa na hiyo, 28 za milimita 70 na hizi 42 za 76 naweza kuzichanganya kwenye magazini moja bila kubadili kitu?

Armora_Mstaafu

Unaweza. Fupi kwenye chemba ndefu haina shida, valvu itafanya kazi yake. Ila kwa bega lako hizo 42 ziache kwa siku usiyo na nyingine, kanga hazihitaji.

Mpelekee mzee oringi mbili tatu ukiagiza vitu vyako, ataiuza vizuri kwa mtu mwingine. Na kuhusu Beretta, usitoe hata shilingi ya malipo ya awali kabla ya kitengo cha silaha cha polisi hawajaandika kwamba semi ya aina hiyo wanakukubalia kwenye leseni yako na kibali cha kuingiza kimetoka kwa jina lako. Namba ya bunduki kwenye karatasi na namba kwenye risiva zisome wewe mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, ukiwa pale pale kaunta.

Nakiru_Moroto

Na ukishaipata tupia picha ya boksi la friji likiwa na marisau, nataka kuhesabu.